Uganda Cranes na klabu zake: Tuache kusingizia mkosi, tuulize nani alikuwa akilipa mishahara

MWANZISHA UZI

Ndugu wanajamvi, amani iwe kwenu.

Kila Cranes, timu yetu ya taifa, inapotolewa mashindanoni, mazungumzo ya vijiweni hapa Kampala huishia pale pale: ama tulirogwa baada ya fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika ya mwaka 1978, ama kizazi kile kilikuwa tunu ambayo Mungu hatoi mara mbili. Nimefungua uzi huu kwa sababu sikubaliani na maelezo hayo yote mawili. Kwa maoni yangu, anayetaka kuelewa jinsi timu ya taifa ya Uganda ilivyofika fainali ya Afrika, kisha ikakaa miaka 38 bila hata kufuzu, aanze kwa kuuliza mchezaji wa klabu alikuwa akilipwa na nani mwisho wa mwezi. Maelezo ni marefu, kwa hiyo naomba mnivumilie.

Mpira wa miguu uliletwa na wamisionari wa Kiingereza mwishoni mwa karne ya 19 na ukakulia katika shule za misheni. Chama kinachousimamia, ambacho leo tunakijua kwa jina la FUFA, kilianzishwa mwaka 1924. Mwaka 1926 Uganda ilikutana na Kenya mjini Nairobi katika mashindano ya kwanza ya Kombe la Gossage, lililopewa jina la mfadhili wake, mtengenezaji wa sabuni. Mechi ya kwanza ilimalizika kwa sare ya 1-1, na Kenya ikashinda iliporudiwa. Tanganyika na Zanzibar ziliingia miaka ya 1940, na kombe hilo ndilo lililozaa Challenge ya CECAFA tunayoijua, yaani kombe la mataifa ya Afrika Mashariki na Kati. Kwa hiyo tangu mwanzo kabisa mpira wetu uliendeshwa kwa mfuko wa mtu mwingine, wala haukuwahi kujitegemea kwa viingilio vya mashabiki.

Kipindi cha ukoloni sitakaa nacho sana. Inatosha kukumbuka ziara ya Uingereza ya mwaka 1956, ambapo Waingereza walishangaa kuona wachezaji wetu wakisakata mpira pekupeku, na safari ya Addis Ababa ya Januari 1962, wakati Uganda ilipocheza Kombe la Mataifa ya Afrika miezi kadhaa kabla ya kupata uhuru wake mwezi Oktoba. Timu zilikuwa 4 tu. Tulifungwa 2-1 na Misri, tukafungwa 3-0 na Tunisia, tukashika nafasi ya nne, na wapo wazee ambao hadi leo huitaja nafasi hiyo ya nne kwa fahari bila kueleza kwamba hapakuwa na ya tano.

Mambo yanaanza kunoga mwaka 1968, ligi ya taifa ilipoanzishwa. Bingwa wake wa kwanza alikuwa Prisons, timu ya Magereza. Ukipitia majina ya timu zilizotamba katika miaka iliyofuata, unaona orodha ya waajiri: Magereza, Polisi, jeshi na timu yake ya Simba, bodi ya kahawa na timu ya Coffee, baraza la jiji na KCC, benki ya serikali na timu ya UCB, kiwanda cha bia cha Jinja na timu ya Nile. Kijana aliyekuwa na kipaji hakusajiliwa kwa kitita cha fedha, bali alipewa kazi. Aliandikwa karani, askari au fundi wa baraza, akapata mshahara, mara nyingi na mahali pa kulala, na jioni akaenda mazoezini akijua kwamba akivunjika mguu bado ana ajira. KCC yenyewe ilizaliwa mwaka 1963 miongoni mwa wafanyakazi wa idara ya mhandisi wa jiji, tena kitengo cha majitaka, na hakuna aliyeona hayo kuwa aibu.

Matunda hayakuchelewa. Simba ya jeshi, ambayo ndugu zetu wa Tanzania wasiichanganye na ile ya Msimbazi, ilitwaa ubingwa mwaka 1971 na mwaka uliofuata ikafika fainali ya Klabu Bingwa Afrika, ambako ilifungwa na Hafia ya Conakry 4-2 ugenini na 3-2 nyumbani. Express ilitwaa ligi mwaka 1974 na 1975, KCC ikafuata mwaka 1976 na 1977. Timu ya taifa ilichukua Challenge mwaka 1973, 1976 na 1977. Idi Amin, aliyewahi kuwa bingwa wa ndondi, alipenda michezo na aliifungulia hazina ya serikali. Hilo halimsafishi kwa lolote. Serikali yake ndiyo iliyoipiga marufuku Express mwaka 1977, na klabu yenye mashabiki wengi kuliko karibu zote nchini ikafutika kwenye ligi kwa amri.

Sasa tufike Ghana, Machi 1978. Watu husimulia fainali peke yake, ilhali uzito wa habari uko katika mechi zilizoitangulia. Kabla ya mwaka huo Uganda ilikuwa imeshiriki fainali za Afrika mara 4, yaani 1962, 1968, 1974 na 1976, na haikuwa imeshinda mechi hata moja. Ilikuwa na sare moja tu, ya 2-2 na Ivory Coast mwaka 1974. Mjini Kumasi ilianza kwa kuifunga Congo 3-1, ikafungwa na Tunisia 3-1, kisha ikakabiliana na Morocco ambayo ndiyo iliyokuwa bingwa mtetezi. Tuliifunga 3-0. Bingwa wa Afrika alirudishwa kwao katika hatua ya makundi na timu ambayo wiki moja kabla haikuwa na ushindi wowote katika historia yake ya mashindano hayo. Tukaongoza kundi kwa tofauti ya mabao, tukaitoa Nigeria 2-1 katika nusu fainali, na tarehe 16 Machi mjini Accra tukafungwa 2-0 na wenyeji, mabao yote mawili yakipachikwa na Opoku Afriyie. Phillip Omondi wetu alimaliza na mabao 3, akawa miongoni mwa wafungaji bora wa mashindano.

Angalieni walikotoka wachezaji hao. Omondi alikuwa wa KCC. Nahodha Jimmy Kirunda alikuwa wa KCC pia, beki ambaye katika msimu wa 1978 alifunga mabao 32 ya ligi, idadi ambayo washambuliaji wengi hawaifikii katika misimu mitatu. Hata hivyo KCC haikuwa bingwa mwaka huo, kwani ubingwa ulichukuliwa na Simba, nayo KCC ikajifariji kwa kutwaa Kombe la klabu bingwa za Afrika Mashariki na Kati. Ligi ambayo klabu yenye Omondi na Kirunda haina uhakika wa ubingwa ni ligi ngumu, na mchezaji aliyezoea ugumu huo kila Jumamosi pale uwanja wa Nakivubo, Kampala, hakuwa na sababu ya kutishwa na Nigeria.

Ninachosema ni kwamba kikosi cha 1978 kilitokana na mfumo wa ajira, na mfumo huo ulipovunjika kiliondoka nao.

MCHANGIAJI (BUSIA)

Shikamoo mzee. Nimesoma kwa makini, lakini naona umeiruka vita. Miezi 7 baada ya fainali hiyo Amin alivamia Kagera, Aprili 1979 Kampala ikaanguka, na baada ya hapo nchi iliingia katika vita vya msituni hadi 1986. Je, si hivyo ndivyo vilivyoua mpira? Mishahara ya baraza la jiji ina uzito gani mbele ya mizinga?

MWANZISHA UZI

Marahaba, mwanangu. Swali lako ni la msingi, na ndiyo maana mimi huugawa ukame wetu katika vipindi viwili visivyofanana.

Kipindi cha kwanza ni hicho unachokitaja. Vita vilitawanya wachezaji, na waliobaki walivutwa na fedha za nchi za Ghuba, Omondi mwenyewe akienda Sharjah. Timu ya taifa haikuwa na maandalizi ya maana. Lakini ligi haikufa. Mwaka 1979, mwaka ule ule ambao serikali ilipinduliwa, bingwa alipatikana, na alikuwa timu ya benki, UCB. Waajiri walikuwa bado wapo, wakilipa kidogo kwa sarafu iliyokuwa ikiporomoka thamani, ila walilipa. Ndani ya magofu hayo ikainuka klabu mpya iliyoanza mwaka 1975 kama Nakivubo Boys, ikawa Nakivubo Villa na hatimaye SC Villa, ikatwaa ubingwa wake wa kwanza mwaka 1982 na baada ya hapo ikawa haishikiki. Mwaka 1991 Villa ilifika fainali ya Klabu Bingwa Afrika. Ilichapwa 6-2 na Club Africain kule Tunis na kutoka sare ya 1-1 Kampala. Mwaka 1992 ikafika fainali ya Kombe la CAF na kuondolewa na Shooting Stars ya Nigeria. Timu ya taifa nayo ilitwaa Challenge mwaka 1989, 1990 na 1992. Nchi ambayo mpira wake umeuawa na vita haifanyi mambo hayo miaka mitano tu baada ya amani kurejea. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 tulikuwa tumesimama tena, na wachezaji kama Majid Musisi, aliyetoka Villa kwenda Rennes ya Ufaransa, walikuwa wa kiwango cha kufuzu.

Kipindi cha pili ndicho kinachoniuma zaidi, kwa sababu kilitokea wakati wa amani. Serikali ilianza kubinafsisha mashirika ya umma. Bodi ya kahawa ilipoteza ukiritimba wake, bodi ya pamba vilevile, na benki ya UCB ikaja kuuzwa. Mnunuzi wa shirika lenye hasara hana haja ya winga wa kushoto kwenye orodha ya mishahara. Timu moja baada ya nyingine ilishuka daraja au ikafungwa kabisa, na vijana ambao zamani wangepewa ukarani wakabaki kumtegemea tajiri mmoja mwenye mapenzi na klabu, anayelipa akiwa na furaha na kununa timu ikifungwa. Villa, KCC na Express zilibaki kwa sababu zilikuwa na mashabiki. Hata hivyo mashabiki wenyewe, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, walihamia kwenye vibanda vya kuonyeshea ligi ya Uingereza, na Jumamosi alasiri ikawa ya Arsenal na Manchester United.

Katika kipindi hicho cha pili ndipo tulipojenga ile tabia ya kujifariji kwa Challenge. Tumeitwaa mara 15, hakuna nchi iliyotukaribia, na tunalitaja jambo hilo kila mahali. Lakini linganisheni miaka. Tarehe 7 Juni 2003 pale Namboole, uwanja wetu wa taifa, tulihitaji matokeo dhidi ya Rwanda ili twende AFCON (Kombe la Mataifa ya Afrika) ya 2004. Mchezo ulisimama kwa vurugu kwa sababu watu waliamini kuna hirizi katika lango la Rwanda, wachezaji wakasukumana, askari wakaingia kati. Jimmy Gatete wa Rwanda akaumia kichwa, akafungwa bandeji, akarudi uwanjani na bandeji yake, na yeye ndiye aliyefunga bao pekee. Rwanda ikafuzu. Miezi michache baadaye tulikwenda Sudan tukarudi na Challenge, na hasira yote ikayeyuka. Oktoba 2011, Namboole tena, tulihitaji kuifunga Kenya, tukatoka 0-0 huku Angola ikishinda Guinea-Bissau na kutupita kwa pointi moja. Desemba tukatwaa Challenge Dar es Salaam. Oktoba 2012 tuliifunga Zambia, bingwa wa Afrika wa wakati huo, bao 1-0 lililofungwa na Godfrey Walusimbi, jumla ikawa 1-1, na tukatolewa kwa mikwaju ya penalti 9-8. Desemba tukatwaa Challenge Kampala. Mara tatu jeraha lilifunikwa kwa kombe la majirani kabla hatujauliza maswali, na waliopaswa kujibu maswali hayo wakapigiwa makofi. Kocha Bobby Williamson alituletea Challenge 4 na hakutupeleka AFCON hata mara moja. Simlaumu peke yake, ila takwimu hiyo inajieleza.

MCHANGIAJI (DAR ES SALAAM)

Mzee, salamu kutoka Bongo. Sisi wa Yanga tunaikumbuka Villa kwa wema, maana Kombe la klabu za CECAFA la 1993 na la 1999 tulilichukua huko huko Kampala kwa kuifunga Villa katika fainali. Swali langu: kama waajiri walikwisha, mlifuzuje mwaka 2016? Na siku hizi naona wachezaji wenu wengi wako kwetu.

MWANZISHA UZI

Ndugu yangu, umelijibu swali lako kwa sentensi yako ya mwisho. Waajiri walirudi, ila wako nje ya mipaka yetu.

Tarehe 4 Septemba 2016 Farouk Miya alipoifunga Comoro bao la pekee Namboole na kumaliza ukame, kocha alikuwa Micho Sredojević, aliyewahi kuifundisha Villa kwa mafanikio makubwa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Langoni alisimama Denis Onyango, ambaye mwaka huo huo alitwaa Klabu Bingwa Afrika na Mamelodi Sundowns ya Afrika Kusini na kisha akatangazwa mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara. Kikosi kilicholipwa na klabu za Afrika Kusini, Ulaya na kwenu Tanzania ndicho kilichotufikisha Gabon mwaka 2017, ambako tulifungwa 1-0 na Ghana, 1-0 na Misri dakika za mwisho, na kutoka sare ya 1-1 na Mali. Mwaka 2019 nchini Misri, chini ya kocha Sébastien Desabre, tuliifunga Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo 2-0, ushindi wetu wa kwanza katika fainali hizo tangu ile nusu fainali ya 1978. Bao la pili lilifungwa na Emmanuel Okwi, aliyekuwa ametoka kumaliza msimu na Simba yenu. Tuliingia 16 bora tukatolewa na Senegal kwa bao la Sadio Mané, ambaye Onyango alikuwa amemdakia penalti. Hamis Kiiza na Khalid Aucho wamevaa jezi ya Yanga, Steven Mukwala akavaa ya Simba. Dar es Salaam sasa inafanya kazi ambayo zamani ilifanywa na bodi ya kahawa.

Lakini kuna gharama ambayo fedha za nje hazilipi, nayo ni uwanja. Katika mchujo wa AFCON ya 2023 Namboole ilikuwa imefungwa kwa matengenezo, Nakivubo ilikuwa imebomolewa ikijengwa upya na mwekezaji binafsi, na sisi tukacheza mechi za "nyumbani" ugenini: na Tanzania tulicheza Ismailia, Misri, mkatufunga 1-0, na Algeria tulicheza Douala, Kameruni. Siku 4 baada ya Ismailia tuliwafunga 1-0 kwenu Dar es Salaam. Mwishoni mlifuzu kwa pointi 8, sisi tukiwa na 7. Anayetaka kuuona mkosi hapo na auone. Mimi naona nchi isiyokuwa na uwanja.

Haki itendeke pia kwa klabu zilizojitahidi. KCCA, jina jipya la KCC, ilikuwa klabu ya kwanza ya Uganda kuingia hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika mwaka 2018, chini ya kocha Mike Mutebi. Vipers ya Kitende iliitoa TP Mazembe kwa penalti mwaka 2022 na kufika hatua hiyo hiyo. Villa, baada ya kukaa miaka 20 bila ubingwa, iliutwaa tena mwaka 2024, na siku hiyo Kampala ilijaa watu waliovaa bluu ambao nilidhani walikwisha hamia zamani kwenye ligi ya Uingereza.

MCHANGIAJI (ARUA)

Baba, na vijana je? Tulifika fainali ya AFCON ya chini ya miaka 20 mwaka 2021 na mwaka 2025 vijana wa chini ya miaka 17 wakacheza Kombe la Dunia Qatar kwa mara ya kwanza. Hao wanalipwa na nani?

MWANZISHA UZI

Binti yangu, fainali ile ya 2021 kule Mauritania imenikaa moyoni kwa sababu ya ajabu. Tulifungwa na Ghana, tena 2-0, na aliyefunga mabao yote mawili aliitwa Daniel Afriyie, Afriyie kama yule wa 1978. Wanaoamini mkosi walishangilia kweli kweli.

Vijana hawa wanalipwa na shule. Miaka ya karibuni shule binafsi na za misheni zimekuwa zikitoa nafasi za masomo kwa wenye vipaji ili zishinde mashindano ya shule za sekondari, kwa kuwa kombe hilo ni tangazo linaloleta wanafunzi. St Mary's Kitende ni mfano ulio wazi: shule, uwanja na klabu ya Vipers viko mikononi mwa mmiliki mmoja, Lawrence Mulindwa, aliyekuwa pia rais wa FUFA hadi mwaka 2013. Kijana anaingia kidato cha kwanza, analishwa, anasoma, anafundishwa mpira kila siku, na akimaliza anapita geti lile lile kwenda timu ya wakubwa. Ni mfumo wa Magereza na KCC uliozaliwa upya katika sare za shule. Tofauti ni kwamba ajira ya baraza la jiji iliendelea hata baada ya goti kuharibika, ilhali nafasi ya shule humalizika pamoja na mtihani wa kidato cha sita, na asiyechukuliwa na klabu akiwa na miaka 19 anarudi kijijini akiwa na viatu vya mpira na cheti.

Mwaka 2027 tutaandaa AFCON pamoja na Kenya na Tanzania, na Hoima imejengewa uwanja mpya kwa ajili hiyo. Katika CHAN (mashindano ya Afrika kwa wanaocheza ligi za nchini mwao) ya Agosti 2025, tuliyoiandaa pamoja na majirani hao hao, kikosi cha wachezaji wa ligi yetu ya ndani kilifungwa 3-0 na Algeria katika mechi ya kwanza, kikajikusanya, kikafika robo fainali kwa mara ya kwanza, na Namboole ikajaa. Mimi ningependa kujua kutoka kwa mwenye taarifa za uhakika humu: ni klabu ngapi za ligi kuu zilizokuwa zimewalipa wachezaji hao mshahara wa mwezi uliotangulia?